Lebo ya Gwamaka

Kaka yangu alikausha ua moja
ndani ya daftari la maziwa la ushirika,
kati ya Februari, lita sita, saba, sita,
na Machi, ng'ombe hakukamuliwa.
Chini yake kaandika kwa penseli:
"Manjano. Msituni Rungwe, juu ya Isongole.
Penye mti ulioanguka. Maji
yanasikika, hayaonekani. Jina:"
Na baada ya nukta mbili, hakuna kitu.

Leo nimepanda, daftari kwapani.
Viazi viliishia kwenye mtaro.
Pareto, nyeupe, yenye jicho la njano. Silo.
Alizeti mwitu kando ya barabara, kelele tupu. Silo.
Haradali iliyotoroka shambani kwa Mwakalinga:
petali nne, nimezihesabu mara mbili.
Silo.

Hata lile la bustani ya kanisa,
ambalo mke wa mchungaji husema
lilikuja na meli, mbegu ndani ya kopo la biskuti,
nalo husimama juani, refu, limenyooka
kama msimamizi wa mitihani,
hata hilo silo. Ndugu, labda. Wa shangazi mwingine.
Jumapili baada ya ibada niliweka ua kavu kando yake:
majani ya lile ni membamba, yamebanana;
ya hili ni mapana, ulimi wa ndama,
yana meno madogo ukingoni, tena yamepishana,
moja huku, moja kule,
kama waliogombana na bado wanaishi nyumba moja.

Chini ya misindano hakuoti kitu.
Namba za rangi nyekundu kwenye magome,
kila mti unajua mwaka wake wa kukatwa.
Nilipita haraka.

Kisha ardhi ikalainika.
Mianzi. Ndevu za kuvumwani zikining'inia matawini,
ukungu ukiingia shingoni mwa sweta bila hodi.
Nikasimama.
Maji. Sikuyaona.

Mti ulioanguka niliukuta, umekuwa unga;
kiatu kilizama hadi kifundoni.
Miaka kumi na moja.
Miche iliyoota juu yake imeshafunga paa,
kivuli kizito cha kukatika kwa kisu,
na ua halipo.
Nikakaa pale pale kwenye unyevu, nikamlaumu kwa sauti:
Gwamaka, uliandika nini wewe?

Nilipoinuka ndipo nikaona,
hatua arobaini kuelekea bondeni
(nilizihesabu wakati wa kurudi),
mwanga mahali pasipostahili mwanga.
Mti mwingine umelala, mizizi hewani,
wa masika mawili yaliyopita kwa kukisia,
na juu yake tundu la mbingu.

Hapo. Mengi. Yamejaa hadi magotini.
Shina la zambarau lenye malaika.
Vichwa vidogo vidogo, punje za mchele
zilizochovywa kwenye kiini cha yai,
vyote vimeegemea upande mmoja, upande wa tundu.
Nikasugua jani: karoti,
halafu, kwa nyuma, dawa ya kifua.
Nyuki mmoja alinikagua kama karani
aliyekwisha kufunga dirisha.

Sikuchuma.
Nilifungua daftari, nikalinganisha jani na jani.
Lililokaushwa limekuwa rangi ya chai, lakini meno ni yale.
Jina silijui. Bibi naye hakuliita
zaidi ya "lile la nyuki",
na nyuki hawajaulizwa.
Chini ya mwandiko wake nikaongeza wangu, mbaya,
vidole vimekufa ganzi:
"Halikai. Huhama.
Tafuta mti ulioanguka juzi, si ule wa zamani."

Nukta mbili nikaziacha zilivyo.
Kisha nikaandika tarehe ya leo
kwenye safu ya lita.